Bango langu la マコンデ: fundi maandishi wa Majengo, Mtwara

Nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu iliyokatwa nitaieleza huko mbele, maana ni ya mbao, si ya maandishi.

Fundi mwenyewe ni mzee mwenye kibanda cha mabati pale Majengo, hapa Mtwara mjini. Jina lake silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Ukiona mashua ya Msangamkuu au bajaji yenye jina lililonyooka, herufi nene, kingo hazitetemeki, kuna uwezekano mkubwa imepita mkononi mwake. Hana kompyuta. Ana makopo ya rangi ya mafuta, brashi za manyoya marefu anazozisafisha mwenyewe bila kumwachia kijana, na fimbo yenye kitambaa kwenye ncha anayoegemeza mkono wakati wa kuandika.

Kazi niliyompa si ya kila siku. Nauza vinyago Shangani. Nilitaka bango la mbao la kusimama wima mbele ya duka, lenye neno Makonde kwa herufi za Kijapani, マコンデ, zikishuka kutoka juu kwenda chini, na chini yake "Vinyago vya Mpingo" kwa herufi zetu. Herufi nne za Kijapani, basi. Tatu kati ya hizo mtu yeyote mwenye mkono mtulivu atazinakili na zitasomeka. Ile ya tatu kutoka juu, ン, ndiyo niliyoihofia tangu mwanzo, na fundi nimempima kwayo.

Kwanza kwa nini Kijapani. Wageni kutoka Japani hawaji Mtwara kwa wingi, lakini wanaofika wanajua wanachotafuta. Katika mji wa Ise, mkoa wa Mie, kulianzishwa jumba zima la makumbusho la sanaa ya Kimakonde, na jina la jumba hilo linaanza na herufi hizihizi nne. Wajapani huchanganya aina tatu za maandishi katika sentensi moja: kanji zilizotoka China, hiragana na katakana. Katakana ilianza karne ya 9, watawa wa Kibudha walipokuwa wakiweka vidokezo vya kusomea kando ya maandiko ya Kichina. Walichukua kipande tu cha kanji ili waandike upesi. Siku hizi hutumika hasa kwa maneno na majina yaliyotoka nje, ndiyo maana Tanzania kwao ni タンザニア na Makonde ni マコンデ. Baba yangu ni mchongaji, asili yetu Newala. Jina hili limetufikisha mbali kuliko jina lingine lolote tulilo nalo, na sikuwa tayari liandikwe ovyo mlangoni kwangu.

Sasa herufi yenyewe. ン ina mistari miwili, mfupi na mrefu, na husomwa "n". Kuna herufi nyingine, ソ, nayo ina mistari miwili, mfupi na mrefu, na husomwa "so". Ukimwonyesha mtu ambaye hajafundishwa ataapa kwamba ni herufi moja. Tofauti iko kwenye mwendo wa mkono. Mstari mrefu wa ン unaanzia chini kushoto, brashi ikiwa imekandamizwa, unapanda kwenda juu kulia na kuishia kwa ncha nyembamba. Ule wa ソ unaanzia juu kulia, unateremka kwenda chini kushoto, na wembamba wake uko chini. Mstari mfupi wa ン umelala, uko ubavuni kushoto, juu ya pale mrefu unapoanzia. Mfupi wa ソ umesimama zaidi, na kichwa chake kiko usawa mmoja na kichwa cha mrefu. Ukikosea mambo hayo mawili, bango langu linasomeka Makosode. Mgeni wa Kijapani akipita atadhani ni jina la mwenye duka, ataendelea na safari yake.

Kabla ya kwenda kwa mzee nilipita duka moja la stika hapa mjini. Kijana aliandika neno kwenye kompyuta, akachagua mwandiko wa madoido alioupenda, vikatokea visanduku vinne vitupu, kwa sababu mwandiko huo haukuwa na herufi za Kijapani ndani yake. Akasema si neno, atachora mwenyewe kwa kufuatisha picha ya kwenye simu yangu. Alipofika kwenye ン akachora mstari kutoka juu kushuka, akanenepesha juu, akachongesha chini. Nikamwambia hiyo ni herufi nyingine. Akajibu, "Dada, si zinafanana tu." Nilimshukuru nikaondoka. Mashine yake inakata vizuri sana, na kwa jina la Kiswahili ningempa kazi bila wasiwasi, lakini mtu anayeona mistari miwili kama mistari miwili tu hawezi kuandika katakana.

Mzee wa Majengo nilimpa karatasi niliyoandikiwa na mwalimu mmoja wa Kijapani wa kujitolea, aliyewahi kufundisha hisabati mkoani kwetu na ambaye ndiye aliyenifundisha kuzisoma hizi. Aliiangalia kwa muda, akaigeuza upande, akaigeuza tena. Kisha akauliza swali ambalo kwa hilo tu ningempa nyota tatu papo hapo:

"Binti yangu, hapa brashi inaanzia wapi?"

Alikuwa ameweka kidole kwenye mstari mrefu wa ン. Nikamwonyesha: chini, unapanda. Akasema, "Ndiyo maana chini ni pazito." Hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu unene. Aliuona, akajua kwamba uzito wa rangi unabaki pale mkono ulipotua na wembamba pale ulipoondokea. Wachongaji nao husomana hivyo, kwa alama ya patasi ilipoingia na ilipotokea.

Hakugusa mbao siku hiyo. Alichukua kipande cha boksi, akaandika ン safu nzima kwa rangi nyeusi, akanirudishia nichague. Za mwanzo zilisimama mno, zilikuwa zinaelekea kuwa ソ, naye aliliona hilo kabla yangu na kuzikata kwa chaki. Mkono wake umezoea kushusha mistari, maana herufi zetu nyingi kwa brashi huandikwa kwa kushusha: I, L, T, M. Kupandisha mstari mrefu, tena kwa mara moja bila kurudia, kulimlazimu abadilishe hata alivyokaa. Alihamisha kigoda kidogo kushoto, akaishika fimbo chini zaidi. Kuanzia hapo zikatoka.

Jambo la pili tulilolijadili ni ukubwa. Yeye alitaka ン iwe ndogo kuliko nyenzake, kwa hoja kwamba ni "n" peke yake, haina irabu, haistahili nafasi ya "ma" au "ko". Hoja ya maana kabisa kwa mtu anayefikiri kwa herufi zetu. Lakini kwa Wajapani kila herufi ya kawaida ya kana (yaani hiragana na katakana kwa pamoja) inakaa katika mraba wake, na miraba inalingana. Tena zipo herufi ambazo ukizipunguza ukubwa unabadilisha namna ya kuzisoma: Lindi kwa katakana ni リンディ, na ile ya mwisho imeandikwa ndogo kwa makusudi, ili herufi mbili za mwisho zisomwe "di" kwa pamoja na si "de-i". Aliposikia hilo akachora miraba minne kwa chaki kwenye mbao, akaipima kwa rula, akaiweka ン katikati ya mraba wake kama wengine.

Na kwa kweli inastahili mraba wake. Katika katakana 46 zinazotumika leo, ン ndiyo pekee inayosimama kwa konsonanti tupu. Nyingine zote ni irabu au konsonanti yenye irabu yake: ma, ko, te, so. Katika orodha ya kufundishia huwekwa mwisho kabisa. Mwenzake wa hiragana ni ん, umbo lililotokana na kanji 无 iliyoandikwa kwa haraka. Zamani sauti hii haikuwa na herufi yake iliyokubalika kwa wote, na watu waliweza kuiandika kwa herufi ya "mu". Ni mwaka 1900 serikali ya Japani ilipopanga upya kana zinazofundishwa shule za msingi, kila sauti ikawa na umbo moja.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati na herufi hii. Mwalimu yule aliwahi kuniambia kwamba wageni wengi hutatizika na sauti yake kwa kuwa inabadilika kufuata jirani: mbele ya "p", "b" na "m" inakuwa "m", mbele ya "t" na "d" ni "n", mbele ya "k" na "g" inakwenda kooni. Nilimweleza mzee hivyohivyo akiwa anasubiri rangi ikauke. Hakuona ugumu wowote. "Mbuzi, ndizi, ngoma," akasema, na kuendelea na shughuli yake. Ndivyo ilivyo. Chukueni Tandahimba: kwa katakana ni タンダヒンバ, yenye ン mbili. Ya kwanza iko mbele ya "da", utasema "n". Ya pili iko mbele ya "ba", utasema "m". Mtu wa Tandahimba anasoma zote mbili sawasawa bila kufundishwa kanuni.

Tukiwa hapo dereva aliyeleta gari lake liandikwe ubavuni aliliwasha ili alisogeze kivulini, na gari likasema maneno ambayo kila aliyepanda gari la mtumba kutoka Japani ameyasikia: "kaado ga sōnyū sarete imasen." Ni kifaa cha kulipia barabara za mwendo kasi za huko kinacholalamika kwamba kadi haijaingizwa. Nikamwambia mzee asikilize mwisho wa sentensi, ile "sen". Hiyo "n" ya mwisho ndiyo herufi anayoiandika, ila katika sentensi hiyo wangetumia hiragana, ん. Na inabeba ukanushi: "-masu" ni kukubali, "-masen" ni kukataa kwa adabu. Dereva alifurahi kuliko sisi sote, kwa sababu amekuwa akilisikiliza gari hilo kila asubuhi bila kujua linamwambia nini. Magari hayohayo yakiwa kwao hubeba hiragana moja kwenye kibao cha namba, na ん ni mojawapo ya zile chache zisizotumiwa humo.

Kitu kingine ambacho herufi hii haifanyi ni kuanzisha neno la Kijapani. Wana mchezo wa watoto uitwao shiritori: mmoja anasema neno, mwenzake anajibu kwa neno linaloanza na silabi ya mwisho ya lile la kwanza. Ukitaja neno linaloishia kwa ん umeshindwa, kwa sababu mwenzako hana pa kuanzia. Labda awe anaijua Tanzania. Ngorongoro kwa katakana ni ンゴロンゴロ, inaanza na ン bila tatizo lolote, na wapo Wajapani wanaoitumia kujiokoa kwenye mchezo huo. Mzee alipenda sana habari hii, akaniomba nimwandikie Ngorongoro kwenye boksi lake.

Turudi kwenye bango. Rangi: maziwa kwa chini, nyeusi kwa herufi. Mbao ni ya mninga, niliileta mwenyewe. Aliipiga msasa, akapaka praima, akapaka rangi ya chini mara mbili, na kila mara aliacha ikauke kabisa, jambo ambalo huku pwani, kwenye unyevu huu wa bahari, linahitaji subira. Herufi za Kijapani aliziandika kwa pigo moja kila mstari, hakurudia kunenepesha, hivyo unaona brashi ilivyotembea. ン imetoka ilivyotakiwa: mfupi umelala, mrefu unapanda na kuchongoka kuelekea juu kulia. Alama mbili ndogo za デ, zinazoigeuza "te" kuwa "de", amezitenga vizuri zisigusane na rangi haikuchuruzika. Watu wengi huzisahau hizo.

Maandishi ya Kiswahili ya chini aliyatilia kivuli chekundu bila kuniuliza, mtindo wa mashua. Kwenye mashua unapendeza na unasomeka kwa mbali. Kwenye bango langu ulikuwa unagombana na weusi wa juu. Nilipomwambia aliufuta kwa tina na kurudisha rangi ya chini bila kudai nyongeza wala kununa. Hilo nalihesabu upande wa sifa.

Nusu nyota imekatwa kwa sababu ya vichwa vya mbao. Mbele na nyuma amepaka vizuri, lakini sehemu ya chini iliyokatwa msumeno aliipitishia rangi juujuu. Shangani upepo wa chumvi haukosekani, na mvua zilipokuja maji yalinywewa kutokea chini, rangi ikafanya malengelenge upana wa vidole viwili. Maandishi hayajaguswa. Mwambieni mapema apake vichwa vya mbao mara tatu, au mfanye wenyewe kabla ya kumpelekea. Ni mzoefu wa mashua, ambazo wenyewe huzitia mafuta na rangi kila mara, kwa hiyo bango la kusimama mahali pamoja miaka halijamkaa sana akilini.

Bei nilipewa shilingi 60,000 bila mbao, nusu nikalipa kwanza. Kwa kazi ya kawaida ya Kiswahili anatoza chini ya hapo. Stika ya mashine ingekuwa rahisi zaidi, nakubali, ila jua la Mtwara huzikausha zikaanza kujikunja pembeni. Msimu wa korosho ukianza msimtegemee kwa haraka: maghala, magari ya mizigo na wenye vibanda wote wanamtaka kwa wakati mmoja, na yeye hakubali kulipua kazi. Atakwambia waziwazi kwamba urudi baadaye. Hachukui oda kwa simu, lazima ufike.

Bango limeshasomwa na waliolengwa. Mke na mume wa Kijapani waliokuwa wanakwenda kuona boma la zamani la Mikindani walisimama ng'ambo ya barabara, mama akalisoma kwa sauti: ma, ko, n, de. Mapigo manne yanayolingana, ile "n" ikipewa muda wake kamili, wakati sisi tunasema Ma-ko-nde kwa mapigo matatu. Waliingia, tukazungumza kuhusu mpingo, kwa nini moyo ni mweusi na kingo za nje ni nyeupe, wakaondoka na kinyago cha binadamu waliopandana, kile tunachokiita ujamaa. Hawakusema lolote kuhusu herufi, na hiyo kwangu ni alama kamili kwa fundi. Maandishi yaliyokosewa ndiyo ambayo wangeyataja.

Kwa mwenye hoteli, nyumba ya wageni au mashua ya kupeleka watu Msimbati anayefikiria kitu kama hiki: mpelekeeni mzee herufi kwenye karatasi kubwa, zenye mishale ya kuonyesha kila mstari unaanzia wapi. Msimpelekee picha ya simu yenye herufi nyembamba za kompyuta zenye unene uleule mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hapo anakosa alama anayoitegemea. Wa Mtwara mjini mna nafuu, jina letu ni ムトワラ, halina ン wala ソ, kwa kuwa "m" yetu iliyo mbele ya "t" wao huiandika kwa herufi ya "mu". Wa Masasi kuweni macho: マサシ inaishia kwa シ, "shi", na pacha wake ツ, "tsu", huchanganywa kwa namna ileile ya ン na ソ. Kanuni ni hiyohiyo, mstari mrefu wa シ unapanda, wa ツ unashuka.

Mimi nimeshamkabidhi mbao ya pili. Ni ya kona ninayofungua Mikindani, ミキンダニ, yenye ン katikati kabisa. Safari hii vichwa vya mbao nimevipaka mwenyewe mara tatu, na tumekubaliana ataikamilisha kabla korosho hazijaanza kuingia maghalani.